Santuri Iko Chicago, Msiba Ulikuwa Kibera

Mnamo mwezi wa Machi mwaka 2009, kampuni ya muziki ya Thrill Jockey, yenye makao yake mjini Chicago, Marekani, ilitoa albamu ya nyimbo sita iliyopewa jina la Kiingereza Thank You Very Quickly, yaani shukrani za haraka sana. Walioipiga ni bendi iitwayo Extra Golden, mseto wa Wakenya na Wamarekani ambao walikuwa wameioanisha benga ya Waluo na roki ya Kimarekani kiasi cha kumfanya msikilizaji ashindwe kutambua mpaka wa hii na ile u wapi. Albamu hiyo ilitolewa kwa CD na kwa santuri, ile sahani nyeusi ambayo wengi wa wanafunzi wetu wameiona katika picha tu. Wahakiki wa ng'ambo waliijadili na wapenzi wa muziki wa huko wakainunua. Hapa Nairobi, kulikozaliwa bendi yenyewe, ni nadra kumpata mwalimu, sembuse mwanafunzi, aliyewahi kuisikia hata kwa jina.

Makala haya hayakusudii kumlaumu Mmarekani. Tumezoea, kila tunapoona kilicho chetu kikimeremeta katika duka la mgeni, kupiga mayowe kwamba tumeibiwa. Yapo mengi tuliyoibiwa, na hakuna asiyejua. Lakini katika jambo hili kuna haja ya kuuliza kwanza: sisi wenyewe tulikiweka wapi?

Tuanze na historia ya bendi, maana ina funzo kwa yeyote anayejiita mtafiti. Ian Eagleson alikuja Kenya akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, akitafiti benga kwa ajili ya shahada yake ya uzamifu. Hakuridhika na kukaa pembeni mwa ukumbi na kalamu mkononi. Alishika gita, akakaa na wapigaji, akajifunza kwao kama mwanagenzi ajifunzavyo kwa fundi. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpigaji gita aliyeongoza bendi ya Extra Solar Africa. Mwaka 2004 Eagleson na mwenzake Alex Minoff, waliokuwa na bendi yao nyumbani iitwayo Golden, walirekodi pamoja na Jagwasi na mpiga ngoma Onyango Wuod Omari papa hapa Nairobi. Majina ya bendi mbili yakaunganishwa, ikapatikana Extra Golden.

Jagwasi hakuishi kuiona albamu yao ya kwanza. Alifariki mwaka 2005, nayo ikatolewa mwaka 2006 kwa jina la Ok-Oyot System. Ok oyot kwa Kidholuo ni kusema kwamba jambo si rahisi. Mwaka huo huo bendi ilialikwa kwenye tamasha la muziki wa dunia mjini Chicago, na hapo ikakwama pale wanapokwama Wakenya wengi, yaani kwenye dirisha la viza. Aliyesaidia kulifungua dirisha hilo ni ofisi ya seneta wa Illinois wa wakati huo, Barack Obama. Wanamuziki hawakuusahau wema huo. Katika albamu ya pili, Hera Ma Nono ya mwaka 2007, mmekuwa na wimbo wa kumshukuru kwa jina lake, mwaka mzima kabla ya dunia nzima kuanza kumwimbia alipochaguliwa kuwa rais. Katika albamu hiyo sauti ya marehemu ilirithiwa na Opiyo Bilongo, mwana benga anayejulikana vyema na wapenzi wa muziki huo.

Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Msomaji aliye darasani leo huenda hakuwa amezaliwa, kwa hivyo hapana budi kusimulia kidogo. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba, na kabla jua halijatua nchi ilikuwa imewaka moto. Huko Kibera soko la Toi, ambamo maelfu walijipatia riziki kwa kuuza mitumba na mboga, liliteketezwa. Reli ya Uganda, ambayo imekatiza mtaa huo tangu enzi za ukoloni, iling'olewa na vijana kwa mikono. Huko Kawangware mpangaji na mwenye nyumba, ambao juzi walikuwa wakizozana juu ya kodi tu, walianza kuulizana majina ya baba zao. Hadi Kofi Annan alipowakalisha wakubwa mezani na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Februari 2008, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa nchini, na malaki walikuwa wameyahama makazi yao.

Familia za wanamuziki wa Extra Golden hazikusalimika na dhiki hiyo. Wenzao wa Marekani waliwaeleza marafiki na mashabiki, fedha zikachangwa, zikatumwa. Shukrani iliyo katika jina la albamu ya tatu ni ya mchango huo. Haikuwa shukrani ya kibiashara kwa mnunuzi wa tikiti. Ni shukrani ya mtu aliyetumiwa chakula watoto wake wakiwa wamejifungia ndani. Katika nyimbo hizo sita mna pia wimbo uitwao Ukimwi, jina lisilohitaji ufafanuzi kwa yeyote aliyeishi katika mitaa yetu miaka ya 1990 na baadaye. Onyango Jagwasi, ndugu wa marehemu Otieno, aliingia katika bendi na kuendeleza jina.

Tunayo basi kumbukumbu ya sauti ya kipindi kigumu kupita vyote tangu tujipatie uhuru, iliyotungwa na watu waliopatwa na dhiki ya wakati huo, ikapigwa kwa ala zinazochezesha. Mtu anaweza kustaajabu: je, msiba huchezwa? Mwenye kuuliza hivyo hajahudhuria matanga ya Nyanza wala ya Magharibi. Benga imekuwa ikilia na kucheza kwa wakati mmoja tangu kuzaliwa kwake. Gita la kwanza huigiza nyatiti, ala ya nyuzi nane ambayo mpigaji wake humwomboleza marehemu na papo hapo akawainua waombolezaji miguuni. Besi hutembea kwa vishindo, sauti husema neno, gita hulijibu. Na wimbo ukishafika katikati, waimbaji hunyamaza, gita zikaachiwa uwanja zifukuzane hadi mwisho. Sehemu hiyo ndiyo mchezaji huingojea. Wale Wamarekani wawili walielewa kwamba roki ya kwao, nayo, ina mahali kama hapo, ambapo maneno hukoma na gita likaendelea na hoja. Waliunganisha pale palipofanana. Hii ndiyo sababu muziki wao haukusikika kama nguo iliyotiwa kiraka.

Ni lazima tuseme jinsi tulivyofika mahali ambapo sauti hiyo inahifadhiwa Chicago na si kwetu, kwani haikuwa hivyo siku zote. Miaka ya 1960 na 1970 Nairobi ilikuwa kitovu cha santuri kwa Afrika Mashariki yote. Barabara ya River Road ilijaa maduka ya muziki, na santuri ndogo zenye kuzunguka mara 45 kwa dakika zilitengenezwa papa hapa mjini. Kila upande ulichukua dakika chache tu, ndiyo maana nyimbo nyingi za wakati ule zina sehemu ya kwanza na ya pili: msikilizaji aliinuka, akaigeuza sahani, gita zikaendelea. Kericho walikuwako Chandarana, ambao duka lao lilirekodi wapigaji wa magharibi ya nchi. Mtayarishaji Oluoch Kanindo alizisambaza santuri za benga hadi kusini mwa bara; huko Zimbabwe muziki wa namna hiyo ukaitwa kanindo, kana kwamba jina la mfanyabiashara ni jina la ngoma. Wanamuziki walivuka mipaka kuja kwetu. D. O. Misiani alitoka Shirati, Tanzania, akawa mfalme wa benga huku Kenya hadi ajali ya barabarani ilipomtwaa mwaka 2006. Super Mazembe walitoka Zaire ya wakati ule, wakapiga kambi Nairobi.

Kisha ikaja kaseti. Kaseti ilikuwa rahisi kununua, na rahisi zaidi kunakili. Haramia mwenye mashine mbili chumbani aliweza kumaliza usiku mmoja kazi ambayo bendi iliifanya kwa mwaka. Kampuni kubwa za kigeni zilipoona faida imekauka zilifunga virago, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 santuri mpya zilikuwa zimetoweka madukani. Hakuna aliyezikusanya zile za zamani kwa niaba ya taifa. Zilikaa chini ya vitanda, zikapinda kwa joto la mabati, zikawa sinia za kuchezea watoto.

Wa kwanza kuzitafuta baadaye walikuwa wageni. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko uitwao Kenya Special, wa nyimbo zilizorekodiwa miaka ya 1970 na 1980, na mwaka 2016 ikatoa wa pili. Ulaya na Marekani santuri imefufuka kwa namna ambayo hakuna aliyeitabiri. Mwaka 2022 Wamarekani walinunua santuri takriban milioni 41 dhidi ya CD milioni 33. Sahani ya shilingi chache iliyotupwa Kibera sasa inawindwa na mkusanyaji wa Berlin au Tokyo. Hata hapa kwetu yamebaki mabanda machache yanayouza santuri kuukuu, mashuhuri kati yao yakiwa katika soko la Kenyatta, hatua chache kutoka Kibera, soko ambalo Wanairobi wengi hulijua kwa nyama choma na wasusi wa nywele tu. Mwenye kutilia shaka na aende akaone ni nani wanaosimama hapo wakizipekua. Wageni ni wengi. Walimu wa historia hawaonekani.

Si haki, hata hivyo, kusema kwamba hakuna Mkenya aliyejitahidi. Shirika la Ketebul Music, lililoanzishwa mwaka 2007 na Tabu Osusa, limefanya kazi ambayo wizara nzima haikuifanya. Mwaka 2008 lilitoa Retracing the Benga Rhythm, kitabu pamoja na muziki na filamu ndani ya jalada moja. Likafuatisha mwaka 2010 kwa muziki wa Wakikuyu, na mwaka 2011 kwa zile nyimbo za mtindo wa funk ambazo vijana wa mjini walizicheza miaka ya 1970. Mwaka 2017 Osusa na wenzake walichapisha kitabu kikubwa, Shades of Benga. Kazi hizo zipo. Swali letu ni shule ngapi za upili zinazo hata mojawapo katika maktaba.

Na hapa ndipo tunapowageukia walimu, kwa heshima zote wanazostahili.

Mwalimu wa Kiswahili hufundisha fasihi simulizi kwa ajili ya karatasi ya tatu ya mtihani. Humweleza mwanafunzi kwamba nyimbo ni utanzu mkubwa, kisha humworodheshea vipera: bembelezi za kumlaza mtoto, hodiya za kazi, nyiso za jandoni, mbolezi za msibani, sifo za kumsifu mtu, nyimbo za kisiasa. Mwanafunzi hukariri orodha na mifano ya vitabuni, aghalabu mifano ya shamba na ng'ombe. Hayo ni mema. Ila mtoto aliyezaliwa Kawangware, ambaye hajawahi kuona jando la kitabuni, huondoka darasani akiamini kwamba fasihi simulizi ni mali ya watu waliokufa. Hakuna anayemwambia kwamba wimbo aliousikia Jumamosi kwenye harambee ya matanga, mtaa wa pili kutoka kwao, ni mbolezi. Kwamba mpigaji wa mugithi, anayeketi peke yake na gita lake katika baa za Dagoretti akitaja majina ya wateja, anatunga sifo. Na kwamba Wakenya waliookolewa na mchango, wakashukuru kwa wimbo, wamefanya jambo ambalo wazee wa ukoo walilifanya kwa zeze na nyatiti.

Mwalimu wa historia naye yu katika hali ngumu zaidi. Akifika mwaka 2007 na 2008 hupita upesi, kama mtu apitaye karibu na nyumba yenye mbwa. Tunamwelewa. Darasani mna watoto wa waliochomewa na huenda watoto wa waliochoma. Mtaani mna wazazi ambao hawajasemezana tangu hapo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2017 Kawangware iliwaka tena kwa sababu zile zile, hivyo si jeraha lililopona. Lakini kunyamaza hakujawahi kumfunza mtoto lolote isipokuwa kwamba kuna jambo la kutisha asilopaswa kuliuliza, naye ataenda kuliuliza kwa mtu asiyefaa. Wimbo una uwezo ambao aya ya kitabu haina. Hautoi hesabu ya makosa ya kabila hili na lile. Unasema: tulikuwa taabani, watu fulani walitukumbuka, ahsanteni. Kuanzia hapo mwalimu mwenye busara anaweza kuuliza: nani alikukumbuka wewe? Jirani gani alikificha kitanda cha mamako nyumbani kwake? Majibu yatakayopatikana yatamshangaza, maana katika mitaa hiyo waliowahifadhi majirani wa makabila mengine walikuwa wengi kuliko wanavyotajwa. Msanii Solo Saba alizunguka Kibera siku hizo akiandika maneno ya amani kwenye kuta na milango kwa rangi, na wapo walioamini kwamba nyumba yenye maandishi hayo ilikuwa na heri kidogo. Hiyo nayo ni historia.

Tunajua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba benga ni muziki wa vilabuni, na shule ni mahali pa maadili. Pingamizi hii ina umri mkubwa na haina uzito. Taarabu ilizaliwa kwenye sherehe za wakubwa, tenzi ziliimbwa kabla ya kuandikwa, na baadhi ya mashairi yanayotahiniwa leo yalitungwa na watu ambao hawangeruhusiwa kupita lango la shule. Tuchague wimbo kwa yaliyomo.

Ya pili ni nzito zaidi: kwamba nyimbo hizo ni za Kidholuo, na kuzifundisha Nairobi ni kulipendelea kabila moja. Jibu letu ni kwamba aogopaye lugha ya jirani ndiye anayelitunza kabila. Kibera yenyewe ni jina la Wanubi, waliouita mahali hapo msitu. Wakaja juu yao Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu na wengineo, na kila mmoja ana muziki wake. Mwalimu na aanze na benga, afuatishe isukuti, aende kwenye mugithi, asiisahau dholuka ya Wanubi wenyewe. Kazi ya kutafsiri maneno kwa Kiswahili darasani, mtoto mwenye lugha akiwafasiria wenzake, ni zoezi la lugha ambalo hakuna kitabu cha kiada kinachoweza kulipita.

Ya tatu huletwa na vijana wenyewe: santuri ya nini, ilhali kila kitu kimo kwenye simu? Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu vijana wana nusu ya haki. Sisi hatuna mapenzi na mikwaruzo ya sindano, wala hatuoni kwamba sauti inakuwa takatifu kwa kuwa imetoka kwenye sahani. Santuri moja mpya huuzwa ng'ambo kwa dola 25 au zaidi, yaani kama shilingi 3,200 kabla ya nauli na ushuru, na hakuna shule ya mtaani ya kutumia fedha hizo kwa anasa. Simu imefanya mengi mazuri. Mwishoni mwa mwaka 2024 na mwanzoni mwa 2025, vijana waliokuwa hawajazaliwa hata kwa miongo miwili waliufufua wimbo Kasongo wa Super Mazembe, wa miaka ya 1970, wakaucheza shuleni na barabarani, hata jina lenyewe likageuka kuwa jina la utani la kisiasa. Wimbo wa umri wa nyanya zao ulishinda nyimbo za wiki hiyo.

Lakini jaribu kuwauliza wachezaji hao ni nani alipiga gita lile. Ndipo kasoro ya simu inapojitokeza. Wimbo huja peke yake, bila jalada, bila mwaka, bila jina la mtunzi, mara nyingine kwa jina la mtu aliyeupandisha tu. Jalada la santuri ni cheti cha kuzaliwa: limeandikwa nani aliimba, nani alipiga besi, ulirekodiwa wapi, nani ana hakimiliki. Bila cheti hicho mrabaha haujui mlango wa kubisha. Isitoshe, kilicho mtandaoni kimo mikononi mwa kampuni iliyo mbali, ambayo yaweza kukiondoa kesho bila kumwarifu mtu. Sahani iliyo katika kabati la maktaba haiondolewi na yeyote isipokuwa mwizi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu lina ukurasa uliokosekana. Sheria yetu ya vitabu na magazeti, Sura ya 111, humtaka mchapishaji awasilishe nakala za kitabu chake serikalini, ili taifa libaki na kumbukumbu ya kilichochapishwa. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya wino na karatasi. Mwenye kutoa kijitabu cha kurasa ishirini cha mahubiri alitakiwa akipeleke. Mwenye kutoa wimbo uliochezwa na nchi nzima hakuulizwa. Tunawaomba wabunge waliopitia mikononi mwa walimu wa muziki, nao ni wengi kwa kuwa tamasha la muziki la shule lilianza mwaka 1927, wairekebishe sheria hiyo iguse sauti pia: kila albamu iliyotolewa nchini, na kila iliyorekodiwa nchini ikatolewa nje, nakala mbili ziwekwe kwenye maktaba ya taifa. Gharama yake haifikii hata nauli ya ujumbe mmoja wa kwenda kuhudhuria mkutano wa utamaduni Geneva.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 nayo ina kifungu ambacho walimu wangefaa kukijua. Haki ya mwenye rekodi ya sauti hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Maana yake ni kwamba rekodi za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zimeshatoka katika himaya ya kampuni zilizozitoa, ingawa haki ya mtunzi wa wimbo huendelea hadi miaka 50 baada ya kifo chake. Ikiwa maktaba zetu hazitakuwa na nakala hizo wala orodha ya watunzi, atakayefaidika na uhuru huo wa kisheria ni yule yule mwenye sahani, naye yuko London. Mjane wa mtunzi, ambaye haki yake ingali hai, hatajulikana anakaa nyumba gani Kawangware.

Hatuungojei Bunge, hata hivyo, kwa yale yawezayo kufanywa bila Bunge. Mtaala wa umilisi umeweka mkondo mzima wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu, na fasihi simulizi imekuwa ikidai utafiti wa nyanjani tangu zamani. Wanafunzi hukariri hatua zake: kuteua mada, kuandaa hojaji, kuhoji, kurekodi, kuhifadhi. Wengi hufanya mtihani bila kumhoji mtu hata mmoja. Shule za Kibera na Kawangware zina bahati ambayo shule za mabweni milimani hazina, yaani nyanja iko nje ya lango. Maktaba ya taifa ina tawi lake Kibera. Simu za walimu zina kinasa sauti. Kinachohitajika ni alasiri chache, orodha ya maswali, na adabu ya kumwamkia mzee kabla ya kumwekea mashine mbele: Shikamoo mzee, ulipiga na bendi gani, mwaka gani, nani alikuwa kwenye besi, mlilipwa shilingi ngapi kwa upande mmoja wa santuri.

Ian Eagleson aliuliza maswali kama hayo, akapata shahada, marafiki na albamu tatu. Hakuwa na ufunguo wowote ambao mwanafunzi wa kidato cha tatu hana. Kinyume chake, mwanafunzi huyu ana lugha tangu utotoni, naye hahitaji viza kuingia Kibera. Mpigaji aliyekuwa na umri wa miaka 20 alipoingia studio mwaka 1975 sasa amepita 70. Baadhi yao wangali wanaishi katika mitaa hiyo hiyo, wakiuza maji, wakitengeneza redio, wakipiga gita kanisani Jumapili. Siku za Jumamosi alasiri aghalabu huwapo nyumbani.